YAH: MALALAMIKO KUHUSU TAMTHILIA YENU YA VITA YA 1914 NA KIONJO CHA MPAGAZI

Ndugu Mkurugenzi wa Vipindi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaandika kwa heshima, na tunaomba mtusaidie kuitunza heshima hiyo mpaka mwisho wa barua. Sera ya maudhui mmeiandika wenyewe, hatutaikariri hapa.

Tuanze na sehemu ya 6, maana ndiyo iliyotushikisha kalamu. Ni mwaka 1917, ukingo wa Rufiji, mvua inanyesha. Wapagazi wa upande wa Waingereza wanapita topeni kwa mstari. Mmoja ana sanduku la risasi kichwani. Anateleza, anaingia majini na mzigo wake. Askari wawili wanacheka. Hapo hapo mkapachika mlio wa tarumbeta, ule wa vichekesho, na picha inayofuata ni maofisa wanakunywa chai. Mpagazi hatumwoni tena. Sekunde 40, basi.

Tulipowaandikia mara ya kwanza mlitujibu kwa mstari mmoja: "Asanteni kwa maoni, hii ni burudani." Haya, tuzungumze burudani.

Mapigano ya Tanga mmeyaonyesha sehemu mbili nzima, na mmeyaua kama hadithi kabla hata hatujafika kwenye historia. Waingereza wanatua usiku kwa kushtukiza, Wajerumani wanashinda, mtazamaji hajui wameshindaje. Wakati jibu lenyewe ni kisa kitamu kuliko chochote mlichotunga. Tarehe 2 Novemba 1914 nahodha wa Fox, manowari ya Waingereza, aliingia bandarini mchana kweupe, akatoa taarifa kwamba mapatano ya kutopigana yamevunjika, akataka mji usalimu amri ndani ya saa moja. Akaondoka. Taarifa ikamfikia Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na watu wake wakaanza kuteremka kutoka Moshi kwa reli ya Usambara. Yeye mwenyewe aliingia mjini kwa baiskeli usiku wa kuamkia tarehe 4 kuupeleleza. Jenerali Aitken wa Waingereza alikuwa na watu kama 8,000, Lettow kama 1,000. Bila ile taarifa na bila garimoshi, ushindi ule hauna maelezo. Ninyi garimoshi hamkuonyesha hata moshi wake. Gharama tunazielewa, lakini baiskeli je? Fundi yeyote wa mtaani angewaazima.

Mahali pa garimoshi mkaweka nyuki. Ofisa wa Kijerumani anavuta kamba, mizinga inafunguka, nyuki wanatii amri. Nyuki wa Tanga hawakuwa na upande. Milio ya risasi iliwachokoza, wakauma jeshi la Wahindi na Waingereza, wakauma na wapiga bombomu wa Kijerumani mpaka baadhi yao wakashindwa kupiga. Hakuna aliyevuta kamba. Huenda mwandishi wenu alisikia habari za mzinga vitani akachagua maana isiyokusudiwa.

Bunduki nazo. Kampuni nyingi za askari wa Wajerumani mwanzoni mwa vita zilibeba bunduki ya mwaka 1871: unafungua komeo, unaingiza risasi moja nene, unafunga, unapiga, unaanza upya. Baruti yake nyeusi ilitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui ulipolala. Askari wenu wanafyatua risasi tano mfululizo na hewa ni safi kama asubuhi ya Lushoto. Hili si suala la kifaa tu. Mngeonyesha moshi ule, mtazamaji angeelewa kwa nini bunduki mpya na risasi zilizoachwa na Waingereza Tanga zilikuwa neema kubwa kwa Lettow, na sehemu ya 3 ingekuwa na maana.

Mengine kwa haraka: mwaka 1914 mtu hawezi kusema anaifia "Tanganyika yetu", lilikuwa jina la ziwa, nchi iliitwa hivyo mwaka 1920, chini ya Waingereza. Askari wenu analipwa shilingi. Ilikuwa rupia na heller, ndiyo hela tunayoitamka mpaka leo. Shilingi ilikuja miaka ya 1920. Kofia za askari, zenye kitambaa cha kufunika kisogo, mmezipatia. Aliyezishona apewe hongera zetu.

Hayo yote tungeyameza. Kisha mkatengeneza kionjo.

Kinapita kila siku kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, watoto wakiwa sebuleni. Hebu tukiangalie pamoja, polepole, kwa kuwa inaelekea ninyi hamkukiangalia. Mguu wa kushoto unateleza. Ngata inamtoka. Sanduku linampiga shingoni kabla hajagusa maji. Anazama, mkono wa kulia unabaki juu, vidole vimetanuka, na ni hapo, juu ya vidole hivyo, ndipo tarumbeta linapolia. Halafu mmeurudisha mtelezo huo mara tatu. Mara tatu, Ndugu Mkurugenzi, na mara ya tatu mmeuharakisha ili uchekeshe zaidi.

Mpagazi wa 1917 hakuteleza kwa uzembe. Mzigo wake ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Naye anakula karibu kilo moja kwa siku. Ukimtuma na mzigo wa unga safari ya siku 13 kwenda na 13 kurudi, ataumaliza mwenyewe njiani. Ndiyo maana walihitajika watu kwa maelfu na maelfu, na ndiyo maana posho ilipunjwa. Farasi na nyumbu walikuwa wameuawa na mbung'o, ikabaki migongo ya watu. Unga wa mahindi, chakula ambacho wengine hawakukizoea, ulipikwa haraka kwa kuni mbichi, ukaliwa nusu mbichi, ukaleta kuhara damu. Ongeza malaria, ongeza funza vidoleni, na mvua kichwani. Kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinakiri wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi, si kwa risasi. Kikosi cha wapagazi hao kiliitwa Carrier Corps, na jina la Kariakoo limetoka hapo.

Tulikusudia kuomba mambo mawili tu: kionjo kiondolewe, na maandishi ya masahihisho yawekwe mwanzoni mwa kila sehemu itakaporudiwa. Lakini kwa jibu lile la mstari mmoja, maandishi hayatoshi. Sehemu ya 6 ihaririwe upya, tarumbeta litolewe, na yule mtu aopolewe au azikwe, mtakavyoamua, ila asiachwe majini. Na msamaha muuombe hewani, saa ileile ya kionjo, kwa siku zilezile kilizopita. Msituwekee saa sita usiku.

Tunawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nakala itakwenda Kamati ya Maudhui ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, pamoja na rekodi ya kionjo, sekunde kwa sekunde. Nakala nyingine itakwenda kwa mdhamini wenu mkuu, ambaye, kama mnavyojua, anauza unga wa mahindi. Tutamweleza kwa kirefu yule mpagazi alikula nini kabla ya kuteleza, na tutamuuliza kama anapenda nembo yake iendelee kukaa pembeni ya mkono ule.

Wenu,
Watazamaji wa kila Jumapili, kwa sasa