YAH: Malalamiko ya kutozwa njia za haraka kwa gari lililojaa abiria

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyekodi gari la viti saba kwa ajili ya kuwapokea wazazi, shangazi na mjomba wangu, waliokuja kutoka Dar es Salaam kwenye mahafali ya mdogo wangu. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa matangazo yenu ni ya Kiswahili, na wateja wenu wengi ni watu wa kwetu ambao wakifika hapa Virginia hawana namna ya kujua kama wanachokatwa ni halali.

Ankara mliyonitumia baada ya kurudisha gari ina makato ya kila mara tulipopita njia za haraka (zile za kulipia) za barabara kuu za I-66, 495 na 95, na chini ya kila tozo mmeongeza ada ya usimamizi. Naomba nirudishiwe fedha hizo zote. Katika safari hizo hakuna hata moja ambayo tulikuwa chini ya watatu ndani ya gari, na gari la watu watatu halilipi katika njia hizo.

Siombi upendeleo. Njia za haraka za 495 zilipofunguliwa Novemba 2012 zilikuwa tayari na utaratibu huo, kwamba gari lenye watu watatu au zaidi, ndilo linaloitwa HOV, lipite bure saa zote. I-66 kwa upande wa ndani ya Beltway (hiyo 495 inayozunguka jiji la Washington) ilianza tozo Desemba 2017 ikitaka watu wawili, na tangu Desemba 2022 inataka watatu. Sharti ni gari liwe na kifaa cha E-ZPass Flex (E-ZPass ni kifaa cha kielektroniki cha kulipia tozo za barabara), na swichi yake iwe upande wa HOV kabla hujaingia. Kifaa cha kawaida cha E-ZPass hakina swichi hiyo. Mitambo iliyo juu ya barabara inasoma kifaa na kukiamini. Ikisoma kifaa cha kawaida inakata fedha, hata kama ndani mmebanana mpaka kiti cha nyuma.

Sasa kifaa mlichobandika kwenye gari hilo, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, ni cha kawaida. Ni kile kiboksi cheupe, kimeshikizwa kwenye kioo cha mbele, hakina mahali pa kusogeza chochote. Nilikikagua pande zote siku ninachukua gari. Na kabla ya siku hiyo nilikuwa nimewapigia simu kuuliza habari za tozo, nikajibiwa na mhudumu wenu: "Gari lina kifaa tayari, wewe endesha tu." Hakuniuliza tutakuwa wangapi. Wala hakuniambia kwamba kwa kifaa hicho haki ya abiria wangu kupita bure imeshaondolewa.

Ndege ya wageni wangu kutoka Addis Ababa ilitua uwanja wa ndege wa Dulles asubuhi ya siku ya kazi. Ninyi mnaijua njia hiyo vizuri kuliko mimi: barabara ya uwanja wa ndege yenyewe haina malipo, lakini inakuingiza I-66, na upande wa kwenda jiji la Washington una tozo kuanzia saa 11 na nusu alfajiri hadi saa 3 na nusu asubuhi. Bei yake hubadilika kadiri msongamano unavyozidi na haina kikomo. Katika siku za mwanzo kabisa, Desemba 2017, iliwahi kufika dola 40 kwa kipande cha takriban maili 10. Ndiyo maana watu wanaobeba wageni hutafuta Flex. Sisi tulikuwa watano ndani ya gari, na kwenye ankara yenu safari hiyo imeandikwa dola 21 na senti 75, ikifuatiwa na dola 8 za usimamizi.

Siku iliyofuata nilitoa Flex yangu kwenye gari langu dogo nikaja nayo. Nikawapigia tena, nikaomba niruhusiwe kubandua kifaa chenu, au mnipe ule mfuko maalumu wa kukifunika kisisomwe. Nikaambiwa nisikiguse, kikipotea nitalipishwa. Kwa hiyo gari likawa na vifaa viwili, changu kikisema tuko HOV na chenu kikisema mkateni, na ankara yenu imejaa makato ya siku zote zilizofuata.

Nilipowaandikia ujumbe kulalamika, jibu la kwanza lilikuwa kwamba mfumo ndio uliotoza na ninyi hamna la kufanya. Jibu hilo silikubali. Mfumo ulifanya kile kifaa chenu kilichouambia. Aliyechagua kifaa ni ninyi. Aliyekataza kisifunikwe ni ninyi. Na ada ya usimamizi haikutoka kwenye mfumo wowote wa jimbo, ni ya kwenu, inayopatikana tu pale mteja anapotozwa. Abiria wangu wangepita bure kama sheria inavyosema, msingepata hata senti ya ada hiyo. Naomba mlitafakari hilo kwa uzito, kwa sababu linawafanya mfaidike na kila gari linalobeba familia bila swichi.

Jibu la pili lilikuwa kwamba Flex ni hatari kwenu, kwa sababu mteja anaweza kuiacha kwenye HOV akiwa peke yake na faini ikawarudia. Hofu hiyo nimeielewa, lakini haisimami. Anayekamatwa kwa kudanganya idadi ya watu husimamishwa barabarani na askari wa jimbo, na anayeandikiwa ni dereva aliyeshika usukani: dola 125 kosa la kwanza, 250 la pili, 500 la tatu, na 1,000 la nne, na kuanzia kosa la pili huongezewa pointi kwenye leseni. Andikeni hivyo kwenye mkataba, mteja asaini, basi.

Wala si jambo geni. Los Angeles ilianza kutumia vifaa vya swichi mwaka huohuo wa 2012, vyenye namba 1, 2 na 3, dereva anachagua mwenyewe kabla ya kuondoka. Jimbo la Washington nalo lina Flex Pass kwa ajili ya barabara ya I-405 tangu mwaka 2015. Hapa kwetu Virginia mwenye akaunti anaagiza Flex kama anavyoagiza ile ya kawaida. Kampuni inayokodisha magari ya viti saba kwa familia zinazotoka uwanja wa ndege ilipaswa kuwa ya kwanza kuwa nayo.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Baba alikuwa mezani nilipofungua ankara, akaniuliza hizo dola zote ni za nini. Nikamweleza kuwa ni za barabara. Akaenda chumbani, akarudi na bahasha ya fedha alizobadilisha Kariakoo kwa ajili ya safari, akataka alipe yeye, kwa kuwa gari lilikodiwa kwa ajili yao. Nilikataa, tukabishana, na ilikuwa aibu kwangu kumweleza mzee kwamba anadaiwa fedha ambazo yeye, kwa kuketi tu ndani ya lile gari pamoja na mama, alikuwa amezifuta. Kuna wazee wengine wanaotoka uwanja ule kila wiki ndani ya magari yenu, na watoto wao wanalipa kimya kimya kwa sababu hawajui kuna kifaa cha aina nyingine.

Naomba mnirudishie tozo zote za njia za haraka zilizoko kwenye ankara, pamoja na ada zote za usimamizi zilizoambatana nazo. Naomba pia magari yenu makubwa yawekewe Flex, na mpaka hapo yatakapowekewa, mteja mwenye Flex yake apewe mfuko wa kufunikia kifaa chenu siku anayochukua gari. Na wahudumu wenu waelekezwe kuuliza swali moja kwenye simu: mtakuwa wangapi?

Nimeambatanisha ankara, mkataba wa kukodi, taarifa ya akaunti yangu ya E-ZPass, na picha za kifaa chenu nilizopiga siku ya kuchukua gari. Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Yasipofika, nitawasilisha nyaraka hizi kwa kitengo cha kulinda walaji katika Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Virginia.

Wenu,
Mteja (jina na namba ya mkataba viko kwenye kiambatisho),
Arlington, Virginia.