Kwa wali wangu wote wa unyago: barua ya masika

Wanangu,

Hamjambo wote. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, na magoti ya mtu wa Newala ukungu ukishuka hayana dawa. Barua hii naisema mimi, mjukuu wangu anaibonyeza kwenye simu. Ameshaniambia mara mbili kwamba maneno yamezidi. Nimemwambia abonyeze.

Ninyi nyote niliwacheza mimi unyagoni, mimi somo wenu. Wengine mlilia siku ya kuingia ndani, wengine mlilia siku ya kutoka kwa kuwa mlishazoea kulishwa. Niliwafundisha kumwamkia mkwe, kuutunza mwili, kuishi na mume, kunyamaza panapotaka kunyamaza. Niliwafundisha kwenda mwezini. Kuuvuka mwezi wa Februari, wenye njaa, sikuwafundisha, na deni hilo nimekuja kulilipa leo.

Wiki iliyopita walinijia watatu katika ninyi, kila mmoja kwa siku yake, wote na hadithi moja. Siwataji. Ndani hamna unga, mvua haikatiki, mume ana hasira, na kuna mtu amepita na fedha mkononi anataka korosho ambazo bado hazijatoa hata ua. Wawili walishapokea. Wa tatu alikuja kuniuliza apokee au asipokee, naye huyo alikuwa ameshakopa ile mikopo ya riba kubwa mnayoiita kausha damu, anarejesha kila Jumatatu kwa kuuza maandazi ambayo unga wake anaukopa dukani. Nilimpa uji, akanywa bila kusema neno.

Mwaka wetu wa huku mnaujua. Oktoba mpaka Desemba korosho zinaokotwa, zinapelekwa chama cha msingi cha ushirika, mnada unapigwa, fedha zinaingia benki. Basi hapo kila mtu tajiri. Sare za ngoma, mziki wa kukodi, pikipiki, kitanda kipya juu ya kitanda kizima. Kisha kifuku, mvua kubwa, kinaingia. Mahindi shambani yako magotini, mihogo ya mwaka huu haijakomaa, palizi inataka mikono, na hakuna wa kukununulia kitu. Miezi minne hiyo mtu anajiona maskini, kumbe ni yule yule wa Desemba, kwenye nyumba ile ile.

Nami nawaambieni niliyoyatenda, msije mkadhani nilizaliwa na akili. Msimu wa 2017 bei ya mnada ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Hatukuwahi kuona kitu kama kile. Marehemu babu yenu alitaka tubadilishe bati la upande wa jikoni lililokuwa limeoza. Mimi nikataka makochi. Mnanijua nikitaka kitu. Yakaja makochi, mekundu, yana vitambaa vya kufuma mgongoni. Januari mvua ya kwanza kubwa ikapiga usiku, tukaamka maji yanachuruzika kutoka jikoni mpaka sebuleni. Tulilala mkekani jikoni penyewe, kwenye kona kavu, makochi tumeyafunika turubai na sufuria sita zimepangwa juu yake. Babu yenu hakusema kitu. Asubuhi alichukua sufuria moja, akamwaga maji, akaniambia, "Mgeni wako ameshakunywa chai." Mpaka anazikwa alikuwa akiyaita makochi yale wageni.

Masika yale niliuza kangomba, yaani korosho kabla ya msimu. Ndiyo, mimi. Mnajua inavyokwenda: mtu anakuja na bakuli lake, linalojaa ndilo kilo, nawe unaona kwa macho kwamba linapita kilo, ila njaa inakufanya uitikie. Serikali imeikataza, lakini watu wanaifanya usiku. Novemba ya mwaka ule ule, 2018, Serikali ikatangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300, malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Zangu nyingi zilishakuwa za mtu. Chache zilizobaki niliziuza, nikangoja malipo kama walivyongoja wengi, mpaka mwaka ukageuka.

Sasa sikieni. Masika ya 2019, niliyoingia bila fedha kabisa, ndiyo masika niliyoyapenda kuliko yote ya uzee wangu. Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani ni kwa sababu mwaka ule niliacha kuhesabu visivyokuwapo. Nilikaa chini siku moja na mjukuu, tukafungua kila kilindo na kila debe: kunde, mbaazi, karanga kidogo, makopa nusu gunia, kochoko, yale mabibo makavu, kwenye mfuko, ng'onda, samaki wakavu, wanne kutoka Mtwara wananuka mpaka kwa jirani. Tukapima kwa kikombe. Tukagawa kwa wiki. Ilipofika jioni nilijua chakula chetu kinafika mahindi mabichi. Nililala, na nilikuwa sijalala vizuri tangu Krismasi.

Maji ndiyo ya kwanza. Ninyi watoto wa bomba hamjui. Bibi yangu alikuwa akishuka genge lote mpaka bondeni, anarudi na mtungi mmoja jua limeshapanda. Mvua inayomwagika kwenye bati lako bure, ukaiacha ikachimba ukuta wako, kisha Agosti ukanunua maji kwa ndoo, hiyo si shida ya dunia. Mfereji wa bati fundi anaukunja kwa siku moja. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ya pili ndiyo ukinge. Kisima unachokingia kifunikwe. Basi.

La muhogo ndilo ninalotaka mlisikilize kwa masikio mawili, maana kubana matumizi kuna mahali panaua. Muhogo mchungu hauharakishwi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, hapa hapa mkoani kwetu Mtwara, walipatikana watu, wengi wanawake na watoto, waliolala wazima wakaamka miguu imekakamaa, hawatembei sawasawa tena. Walikuwa wanakula unga wa muhogo mchungu uliokaushwa haraka haraka, siku baada ya siku, na kitoweo hamna. Miguu ile hairudi. Kwa hiyo ukiwa na unga ambao huuamini, fanya hivi. Tia kwenye bakuli, usawazishe, weka alama ya masizi ubavuni unga unapoishia. Tia maji kidogo kidogo huku unakoroga. Utaona unga unashuka kwanza, halafu unapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha. Tandaza kwenye ungo au mkeka, wembamba usiofika unene wa kidole, saa mbili juani au saa tano kivulini. Masika jua la kuliamini halipo, basi tandaza barazani. Sumu inatoka na hewa. Pika siku hiyo hiyo. Na ugali huo usiule mtupu: kunde, mbaazi, kipande cha samaki, chochote chenye nguvu. Ng'onda mmoja akikatwa vipande vidogo ndani ya kisamvu cha karanga anahudumia nyumba siku mbili, na hakuna mtoto atakayesema hakuona samaki, kwa sababu harufu imeshamfikia akiwa njiani.

Kuni nisemee kidogo. Mkipogoa mikorosho, matawi yasichomwe shambani. Yakate urefu wa mkono, yapange chini ya uvungu wa dari jikoni, moshi uyakaushe. Mimi chungu cha kunde nakiweka saa tisa alasiri, kuni mbili tu, nazisukuma ndani kidogo kidogo kadiri zinavyokula. Hakuna haraka. Mvua inapiga bati mpaka redio haisikiki, kwa hiyo tunaizima. Watoto wanasogea kwenye mafiga mmoja mmoja, wanajifanya wamefuata moto. Mmoja anamenya karanga, anakula mbili anaweka moja. Naanza: "Paukwa!" Wanaitika, "Pakawa!" na hapo hata yule mkubwa wa kidato cha tatu, anayejidai hadithi ni za watoto, ananyamazisha simu yake. Saa moja usiku kunde zimeiva, hakuna aliyeuliza kuna nyama au hakuna.

Hayo ndiyo niliyotaka mwaka mzima wa makochi, na sikuyapata.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zake, barabara ya Dar es Salaam ikakatika kule Somanga, Kilwa, mabasi yakalala, madukani watu wakaanza kuulizana sukari. Jirani yangu mmoja alikuja kuuliza kwa nini kwangu watoto wanacheza kama hakuna kitu. Nilimwonyesha mbaazi. Aliondoka na vikombe vitatu, na mwezi wa saba alirudisha vinne.

Waume zenu sitawasemea sana, nao wana wazee wao. Ila mwanaume akijua hesabu ya kilindo, hasira yake hupungua nusu. Mnayemficha kwamba unga umebaki debe moja ndiye anayenunua redio. Fungueni madebe pamoja.

Na wale wawili waliopokea za kangomba: sina suto kwenu. Kilichopokelewa kimepokelewa. Mkikaa nami tutaangalia kilichobaki mtini ambacho hakijasemewa, hicho kisiguswe mpaka mnada. Wa kausha damu, wewe njoo mapema kuliko wenzio, tuzungumze kabla watu hawajajaa. Kikoba chetu cha hapa mtaani kina riba ndogo na kina watu wanaokujua.

Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe, nawataka wote barazani kwangu saa tatu asubuhi. Tutafanya ule unga kwa mikono, maana kwa maneno hausikiki. Kunde zipo. Ng'onda yupo mmoja, mwenye bahati atapata kichwa. Kila mtu aje na ungo wake. Wangu umetoboka katikati na huyu anayebonyeza anauvaa kama kofia.

Ni mimi, somo wenu,
Newala