Barua kwa wajukuu zangu wa Mashujaa: ligi inachezwa Jumatano

Wajukuu zangu wa Ujiji, Mwanga, Gungu, Katubuka, Kibirizi na Bangwe, pamoja na nyinyi wa Mwandiga mnaofika uwanjani mpira umeshaanza,

Assalaam alaykum. Asiyeitikia hiyo, namsalimu kwa Kiha: mwakeye.

Msimu wa kwanza wa Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, Ligi Kuu, ule wa 2023/24, ulikwisha na timu yetu ikabaki. Wa nane kati ya timu 16, pointi 35. Nawasikia vijiweni mnavyotamba, na haki yenu. Timu ilipanda kwa mlango mwembamba wa mchujo, ikamshusha Mbeya City aliyekuwa Ligi Kuu tangu 2013. Halafu, haijakaa hata mwaka, ikamtoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho hapahapa uwanja wa Lake Tanganyika, Aprili 9, 2024: sare ya 1-1, kisha penalti 6-5. Jioni ile nilirudi Ujiji kwa miguu, maana madereva wa daladala nao walikuwa wanacheza ngoma barabarani. Magoti yaliuma wiki nzima na sikulalamika.

Ya siku ile mmeshayasema sana. Mimi nataka tuzungumze habari ya Jumatano.

Kuna Jumatano moja msimu ule, saa 10 jioni, jua bado kali, tulicheza na timu ya saizi yetu. Jina lake nalihifadhi. Nilikaa mzunguko, kwenye tiketi za bei ya chini, upande wangu wa siku zote, juu ya kipande changu cha boksi. Jirani yangu alikuwa mama muuza karanga, ambaye siku za Simba na Yanga huwezi kumwona amekaa. Karanga zake alizifunga kwenye karatasi za daftari la mtoto. Hesabu za kujumlisha zinasomeka kwa nje, na alama ya vema ya kalamu nyekundu juu yake. Hadi mapumziko alikuwa ameuza vifungu vinne. Viwili nilinunua mimi. Uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba tulimsikia kipa wetu akimwita beki wake, na tukasikia beki alivyomjibu, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama akanigeukia: "Babu, leo mjini kuna msiba?"

Nikamwambia hakuna msiba, ni Jumatano tu.

Sasa tuhesabu pamoja, maana mnapenda kuniambia wazee hatujui mpira wa kisasa. Ligi ina mechi 30. Nyumbani tunacheza 15. Toa Simba, Yanga na Azam, ambao hata tukiwafunga tutasema Mungu mkubwa. Zinabaki 12. Mechi 12 mara pointi tatu ni pointi 36. Msimu ule mzima, nyumbani na ugenini, mvua na jua, sisi tulivuna 35. Maana yake pointi za kutuweka Ligi Kuu zinapanda basi zenyewe, zinashuka Kigoma, zinalala gesti zetu na kula migebuka yetu, halafu siku ya mechi nyinyi mpo kwenye kibanda umiza, kile cha kulipia kutazama mpira kwenye televisheni, mnatazama marudio ya ligi ya Uingereza.

Tena msimamo muutazame vizuri, msiishie kwenye ile namba nane. KMC walimaliza wa tano na pointi 36. JKT Tanzania wakamaliza wa 13 na pointi 32, wakaingia kwenye mchujo. Kati ya wa tano aliyelala usingizi na wa 13 aliyekesha, ni pointi nne! Sisi tulikuwa juu ya shimo kwa pointi tatu. Mechi moja hiyo. Jirani zetu Tabora United waliokuwa na pointi 27 wanajua ladha ya shimo lenyewe: walipelekwa hadi kwenye mechi za mwisho kabisa za mchujo na Biashara United ya Mara ndipo wakapona.

Najua jibu lenu, nimelisikia hata kwa mjukuu wangu wa damu: "Babu, hii ni timu ya jeshi, ina mwenyewe." Kweli ina mwenyewe. Lakini kumbukeni mwaka 2013, wengine mlikuwa bado mnabebwa mgongoni. Zilipanda timu tatu: Mbeya City, Ashanti United na Rhino Rangers ya Tabora. Rhino ilikuwa ya jeshi. Mbeya City ilikuwa ya Halmashauri ya Jiji. Hakuna mwana Mbeya aliyekuwa na hisa hata ya shilingi mia. Lakini watu wale walivaa zambarau wakajaza uwanja wao wa Sokoine, wakakodi mabasi wakaifuata timu yao ugenini hadi Dar es Salaam, wakaimba kwenye viwanja vya watu. Msimu huo wa kwanza Mbeya City ilimaliza ya tatu. Rhino na Ashanti zikashuka msimu uleule. Sisemi Rhino ilishushwa na viti vitupu. Mpira una mambo mengi, na timu ile sikuiona mara nyingi. Nasema wale wa Mbeya hawakuuliza timu ni ya nani.

Jeshi litamlipa mchezaji, litamvisha, litamsafirisha. Kumpigia kelele dakika ya 80, miguu imekufa, hiyo kazi halina askari wake.

Hapo nimefika penye kidonda. Simba au Yanga wakija Kigoma, uwanja unajaa hadi watu wanakaa juu ya miti, na nusu ya waliojaa, tena nusu nasema kwa heshima, wamevaa jezi ya mgeni. Mgeni anatoka zaidi ya kilomita 1,200, anaingia uwanjani anakuta yuko kwao. Kijana wetu anayelala Kigoma na kufanya mazoezi Kigoma anapigiwa miluzi na jirani yake.

Mimi mwenyewe si malaika. Ni Yanga tangu sijaota ndevu, na mnaijua kofia yangu ya kijani. Siku Yanga walipokuja, kofia niliificha kabatini, nikavaa shati la kawaida, nikajiapiza. Mpira ukaanza. Mshambuliaji wao akaachia shuti likapita pembeni kidogo tu ya mwamba, nikajikuta nimesimama, mikono kichwani, nasikitika. Timu yangu ya nyumbani imeponea chupuchupu, na mimi nasikitika! Pembeni yangu alikuwa mjukuu wangu wa miaka tisa, kavaa jezi ya Mashujaa niliyomnunulia mimi mwenyewe. Akaniangalia kuanzia viatu hadi kichwani. Hakusema kitu. Hata ndani ya daladala hakusema kitu, akawa anaangalia dirishani hadi Ujiji.

Basi siwaambii muache Simba na Yanga. Nikiwaambia hivyo hata mke wangu atanicheka. Naomba siku za mwaka ambazo timu hizo zinakutana na Mashujaa mziazime kwa Kigoma. Ni siku chache mno hata kuzigombania. Zilizobaki zote pakeni rangi mnayotaka hadi mbwa wenu.

Na hili nalisema kwa sauti ya chini. Nchi nzima inaamini Kigoma mpira unachezwa na waganga, na nyinyi badala ya kukanusha mnajisifia. Miaka ya 1980 nilikuwa mjumbe wa kamati ya ufundi ya timu moja ya mtaani, na mnajua ninayoisema si ile ya makocha. Kazi yangu ilikuwa kutafuta jogoo mweupe asiye na doa. Nilimsaka siku mbili, nikampata kwa bei ya mbuzi. Tukamzika usiku wa manane nyuma ya goli. Kesho yake tukafungwa matatu, yote kwenye goli lilelile. Mganga alipoulizwa akasema yule jogoo alikuwa na unyoya mweusi chini ya bawa. Hela hakurudisha, na jogoo hatukumla. Siku hizi Bodi ya Ligi inazipiga timu faini kwa kukwepa mlango rasmi na kuruka ukuta kwa ajili ya mambo hayo. Fedha hiyo ni mipira, ni mafuta ya basi. Wenye jogoo wapeni akina mama wapike.

Ya kurusha chupa na kumtukana mwamuzi sitayachambua. Mnajua ni upuuzi.

Kuna jambo moja limenikaa moyoni. Sisi ni mwisho wa reli. Tangu treni ilipofika hapa mwaka 1914, kila anayekuja Kigoma amefika amechoka. Timu ikitoka Dar kwa basi, mgongo unakuwa umeshakufa kabla ya kipenga. Huo ni mtaji wetu ambao Singida na Dodoma hawana, na sisi tunaulalia. Lakini barabara ni ileile kwenda na kurudi. Vijana wetu nao husafiri hivyohivyo kwa mechi 15. Mkoa mwingine timu ikifungwa ugenini, mchezaji jioni yupo nyumbani anakula. Wetu wanafungwa Jumamosi na kipigo wanalala nacho njiani. Wakishinda mnawapokea kwa pikipiki na mavuvuzela. Wakifungwa, basi linaingia mjini usiku kama limebeba maiti. Siku moja mwende watu kumi tu, wamefungwa, muwaambie poleni na safari. Hamna haja ya hotuba. Mtu akishuka kwenye basi akapokewa begi lake, keshokutwa anakimbia tofauti, na hilo nalijua kwa sababu nimewahi kushuka kwenye basi la namna hiyo na hakukuwa na mtu.

Msidanganyike kwamba tumeshazoea ligi. Geita Gold walipanda 2021, msimu wa kwanza wakawa wa nne, George Mpole akaibuka mfungaji bora kwa mabao 17, wakaenda hadi kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2024 wakashuka. Na nani alishuka nao? Mtibwa Sugar, bingwa wa 1999 na 2000, timu ambayo sisi wazee tulidhani imejengwa kwa saruji. Sisi wakati huo tulikuwa na msimu mmoja tu mfukoni.

Ratiba mpya ikitoka nawajua: mtatafuta kwanza Simba anakuja lini, halafu Yanga, halafu mtaifunga simu. Safari hii tafuteni mechi ya kwanza ya nyumbani ya katikati ya wiki, na timu ambayo hakuna hata mmoja wenu anayeweza kutaja wachezaji wake watatu. Siku hiyo fungeni genge mapema, mwenye bodaboda abebe wawili, tiketi kila mtu anunue yake, na habari za "mimi mtoto wa hapa, niache nipite" mziache nyumbani.

Mimi nitakuwa mzunguko, upande uleule. Njooni na maboksi yenu, langu linatosha mtu mmoja na mjukuu. Mama wa karanga nimeshamwambia siku hiyo afunge vifungu mia. Msipokuja itabidi nivinunue vyote mimi, na meno niliyobakiwa nayo mnayajua.

Babu yenu,
Ujiji, Kigoma