Namba ya usoni si osiloskopu nzima

Mteja wetu mmoja alituletea osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini) ya megahezi 500, mpya kabisa, akiwa na hakika kwamba ni mbovu. Kila alipopima mawimbi ya mraba kwenye bodi yake, ukingo ulikuwa ukipanda kisha unatetema kwa muda kabla ya kutulia, na osiloskopu yake ya zamani ya megahezi 100 haikuwahi kumwonyesha kitu kama hicho. Tukachomoa ule waya mweusi wa ethi wenye klipu ya mamba, urefu wake kama kiganja, tukaweka springi fupi ambayo huja na probu, ile kalamu ya kupimia. Yake ilikuwa bado kwenye mfuko wake wa plastiki. Mtetemo ukaisha karibu wote. Osiloskopu ilikuwa nzima. Waya ule na kapasitansi ya probu (uwezo wake wa kuhifadhi chaji) ndivyo vilivyokuwa vikitetema, na osiloskopu ile ya zamani ilikuwa haioni mitetemo ya kasi kiasi hicho.

Ndiyo maana tunapokagua osiloskopu za bei kubwa tunaanzia kwenye probu. Probu ya kawaida ya mara 10, yaani inayopunguza volti mara 10, ina kapasitansi ya takribani pikofaradi 10 kwenye ncha yake. Kwa mawimbi ya polepole hiyo si kitu, lakini kwenye megahezi 100 inaipunguzia saketi yako nguvu kupitia njia ya omu 160 hivi, na saketi nyingi haziwezi kuvumilia. Ukinunua osiloskopu ya gigahezi 1 ukabaki na probu za megahezi 200, umenunua megahezi 200. Bei ya probu amilifu, ile yenye amplifaya ndani na isiyoielemea sana saketi, uiulize siku hiyohiyo unapouliza bei ya mashine, wengi hushtuka.

Megahezi zenyewe nazo zinataka kusomwa vizuri. Osiloskopu ya megahezi 100, ikipewa wimbi sine la megahezi 100, huonyesha asilimia 70 hivi tu ya kimo chake. Kwa kazi za dijitali ni afadhali uangalie ukingo: gawanya 0.35 kwa upana wa bendi, yaani zile megahezi, upate muda wa kupanda wa osiloskopu yenyewe. Megahezi 350 zinakupa nanosekunde 1. Kama chipu yako nayo inapanda kwa nanosekunde 1, kwenye skrini utasoma karibu 1.4, na unaweza kuilaumu chipu bure.

Kinachotuuma zaidi ni memori, maana wanunuzi wengi huiruka. Sampuli bilioni 5 kwa sekunde, yaani mara ambazo mashine husoma volti, zinavutia, lakini memori ya pointi milioni 10 hujaa kwa milisekunde 2. Sasa unataka kuona pawa saplai inavyowaka kwa milisekunde 50. Mashine italazimika kushuka hadi sampuli milioni 200 kwa sekunde, yaani sampuli moja kila nanosekunde 5, na mwiba wa nanosekunde 2 unaoizimisha bodi yako unaweza kupita katikati usionekane. Tena kasi ile mara nyingi ni ya chaneli moja. Washa zote nne uone inabaki ngapi.

Kuhusu biti 12 badala ya 8, hatua 4,096 za kusoma volti badala ya 256 zina faida kubwa kwa anayepima ripoli ndogo (mawimbi yanayobaki juu ya umeme wa DC), mradi kelele za mashine yenyewe zisizimeze. Tunachomoa probu, tunaweka kipimo kidogo kabisa cha volti, tunatazama unene wa mstari. Dakika moja inatosha.

Huduma yetu ni hii: lete bodi inayokusumbua, tuipime mbele yako kwa osiloskopu unazozifikiria, uondoke na picha za skrini. Tumeshawashauri wateja wanunue ya bei ya chini, na tutaendelea kufanya hivyo. Kama ni pawa saplai ya umeme wa ukutani, tuambie mapema tuandae probu ya tofauti, inayopima kati ya nukta mbili bila kuunga yoyote kwenye ethi, kwa sababu klipu ya ethi ya osiloskopu imeungwa na ethi ya jengo, na ukiibana upande wa umeme mkubwa unapiga shoti. Lete pia probu unazotumia kila siku, hata zilizochakaa.