Kabla ya Jumamosi

Nakuru, Jumatatu usiku

Mama,

Jana uliongea na mama yako karibu nusu saa, ukaongea na mimi dakika tatu, na katika hizo tatu hukugusia Jumamosi hata kidogo. Nimeyasikia kwa mdogo wako, mtoto asiyejua kunong'ona. Eti mnakwenda Alton Towers, hiyo bustani ya michezo ya huko Uingereza, wewe na wenzako wa wodini, kupanda rolakosta, gari la reli la kujitisha, tena ya mizimu, iliyojengwa msituni. Eti mmeshalipa. Nikamwambia akuulize kama Menengai imehama. Kreta ipo palepale nyuma ya mji, Wakikuyu waliiita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu, na mzimu wake hakutozi hata shilingi. Anayekutoza ni askari wa langoni.

Sikukatazi. Nianze hapo, usije ukaisoma barua hii umekunja uso. Mtu anayekesha na wodi nzima ya wazee, akiwageuza, akiwanywesha, akiongea hata na wale waliosahau majina yao wenyewe, sina mdomo wa kumkataza bembea. Ninalo neno moja tu: chuma cha mapajani, kile kinachokushika kitini. Kikishashushwa, usingoje kijana wa zamu aje akiguse. Kisukume juu wewe mwenyewe, mara mbili, kwa nguvu zako zote. Kikiinuka, paza sauti. Usione haya. Watageuka wakuangalie, waache waangalie.

Nimeitazama hiyo rolakosta yenu, Th13teen, kwenye simu ya mdogo wako mpaka bando ikaisha. (Mwandiko gani huo, tarakimu katikati ya herufi kama namba ya gari?) Ilifunguliwa mwaka 2010. Cha kwanza nilitafuta mwendo, nikakuta kilomita 68 kwa saa, nikacheka peke yangu pale mezani hadi mama yako akadhani nimepatwa na kitu. Gavana za kuzuia mwendo tunazofunga kwenye matatu tangu enzi za waziri Michuki zinakata kwenye 80! Kumbe mtu anavuka bahari akalipie mwendo ambao abiria wa stendi ya hapa angemuuliza dereva kama amelala.

Halafu nikatafuta injini. Haina. Inavutwa mpaka juu, inaachiliwa, kinachobaki ni uzito wake na mteremko. Hapo tumbo likanikaza kidogo, maana kisicho na injini hakina gia ya kukishika. Nilitulia nilipoona magurudumu. Yapo ya juu ya reli, yapo ya ubavuni, na yapo mengine chini, yameikumbatia reli hivi kwamba behewa haliwezi kunyanyuka hata likitaka. Hayo ya chini ni akili ya Mmarekani mmoja, John Miller, aliyepata hataza yake mwaka 1919. Nimempenda huyo mtu bila kumjua. Fundi hasa ni yule anayewaza gari litafanya nini pale ambapo halikutakiwa kufanya lolote.

Lakini gurudumu linashika behewa, wewe halikushiki. Wewe unashikwa na chuma. Ndiyo maana narudia: mara mbili.

Sasa ile sehemu ya mwisho, ambayo sijui kama umeiona au unajifanya hujaiona. Mtazunguka nje kati ya miti kama watu wenye heshima zao, mtaingia kwenye jumba la giza, na behewa litasimama. Litasimama tu. Utafikiri imekwisha, au imeharibika. Kisha reli yenyewe, kipande chote mlichokalia, itaanguka pamoja nanyi karibu mita 5, halafu mtolewe kinyumenyume gizani. Walijitangaza kuwa wa kwanza duniani kwa ujanja huo. Nimepiga hesabu nyuma ya risiti: mita 5 ni kama sekunde moja. Ni gari lililoachiwa na jeki, basi. Katika sekunde hiyo kiti hakikusukumi, maana nacho kinaanguka kama wewe, ndiyo sababu tumbo hupanda kooni. Si moyo, usishtuke. Moyo unaujua kuliko mimi.

Aliyebuni hilo anajua kazi. Hofu haiko kwenye kuanguka, iko kwenye kule kusimama. Ule usiku wa Vihiga, kwa bibi yako, mlilia wakati mchanga ulipotua juu ya mabati? Hamkulia. Mlinyamaza kama maji mtungini. Mlilia katikati, kabla ya mara ya pili, wakati hakuna kinachosikika. Mwanga anayejua kuwanga harushi kiganja cha pili upesi. Anahesabu mpaka mia, mbu wakimla, umande ukiingia viatuni. Bibi yako alijua asubuhi ileile kwa sababu ya viatu, akaninyima chai. Mlikuwa mmezoea kutoka nje usiku, na mto ulikuwa umejaa, na mimi sikuwa na maneno mengine ya kuwaambia. Baada ya hapo ulilala na taa mpaka darasa la nane. Bili ya stima ya miaka hiyo yote sikuwahi kuilalamikia, utakumbuka. Mdogo wako hajui, na tuache hivyo.

Linaloninyima usingizi mimi si mizimu. Katika bustani hiyohiyo kuna rolakosta nyingine, The Smiler, inayowapindua watu kichwa chini mara 14. Tarehe 2 Juni 2015, behewa tupu la majaribio lilikwama katikati ya reli. Kompyuta ikazuia behewa la nyuma, lenye watu 16, lisiendelee. Kompyuta ilikuwa sahihi. Mafundi wakadhani imekosea, hawakuliona lililokwama, wakaipuuza na kuliachilia. Wasichana wawili walikatwa mguu. Mwaka uliofuata mahakama ikawapiga wenye bustani faini ya pauni milioni 5, na wachunguzi hawakuona kasoro kwenye mashine yenyewe. Mashine ilisema simama. Mtu ndiye aliyesema twende.

Hiyo "twende" naijua. Mwenye gari akikusimamia mgongoni anatazama saa, vidole vyenyewe vinajua ni waya upi wa gavana wa kuchomoa. Ile matatu ya Njoro uliyokuwa ukiisifia ulipokuwa sekondari, kwamba inafika mjini kabla ya zote, wewe ulidhani ni ustadi wa dereva. Waya uliwekwa mahali pake baada ya wiki mbili, siku niliyokuona umekaa kiti cha mbele, mshipi umeulalia badala ya kuufunga. Mteja yule hakurudi tena kwangu, akapata fundi mwingine, bila shaka mwenye vidole vyepesi zaidi. Kwa hiyo unaponiambia, au unapomwambia mdogo wako, kwamba "wako watu wa kuangalia hayo mambo", mimi ni mmoja wa hao watu, mama. Kisukume mwenyewe.

Kuhusu foleni. Naambiwa mnaweza kusimama saa nzima, tena Oktoba, ambapo wanafungua mpaka usiku kwa ajili ya Halloween na kuwaachilia waigizaji waliojipaka rangi wawe wanawarukia watu. Damu unaiona kazini bila foleni, lakini haya. Vaa koti zito. Kula kitu kidogo kabla, si sahani ya chipsi. Ya maonyesho ya kilimo sitayarudia, shati langu lilishayasema yote. Usiende moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Nywele zifunge, simu isikae mfuko wa nyuma. Watapima urefu, asiyefika mita 1.2 hapandi, na hapo tu ndipo sina wasiwasi nawe. Pia kutakuwa na tangazo la wasiotakiwa kupanda: wenye moyo, wenye mgongo, wenye mimba. Nalitaja kwa kuwa limeandikwa. Sina swali.

Ipo na laini ya wanaolipa zaidi ili wapite mbele. Nilikasirika niliposikia. Mimi nilisimama kwenye kura ya mlolongo ya 1988, ya kupanga foleni nyuma ya unayemtaka, laini yetu ikapinda uwanja mzima, na aliyetangazwa mshindi ni wa laini fupi. Tangu siku hiyo laini fupi siipendi. Lakini kama baridi ni ya kukata masikio, lipa. Pesa zitapatikana.

Pale gereji wanakuita Daktari. Niliwaambia mara moja kwamba wewe ni muuguzi, hawakusikia, na mara ya pili sikujisumbua. Mwezi uliopita mteja alianza kuzungushana nami kuhusu malipo ya klachi, kijana wangu mmoja akamwambia, "Mzee huyu binti yake yuko Uingereza," na yule bwana akatoa pesa yote. Mpaka leo sielewi uhusiano ni upi, ila nimeipokea. Basi mtu ninayemringia hivyo, habari zake nizipate kwa kitinda mimba akiwa anaosha vyombo? Ungeniambia, ningesema nini? Ningesema hayahaya, tena yangekuwa mafupi, maana kwa mdomo huwa nachoka haraka. Au ndiyo unaogopa nitaongea kama siku ile ya uwanja wa ndege. Siku ile nilikuwa na njaa.

Mama yako anajua unakwenda "matembezi". Presha yake ilipimwa kliniki juzi ikawa nzuri, tusiichokoze. Ukishashuka, nitumie mimi neno moja: nimeshuka. Usinitumie picha ile wanayowapiga mkiwa midomo wazi, hiyo mtumie mdogo wako. Huku tuko mbele yenu kwa saa mbili. Mtapanda jioni, nitakuwa bado macho, nitakuwa nimekaa na redio.

Tangi ulilonunua limejaa mara mbili tangu mvua zianze. Koki ilikuwa inadondosha, nikabadilisha mpira wa ndani, ishirini bob, dakika tano. Watoto wa jirani sasa wanakuja kuchota kwetu, maana maji ya kisima yanawapaka meno rangi ya kahawia, floraidi ya bonde hili haina huruma. Mama yako huwaonyesha meno yangu kama mfano, kisha anawajazia mitungi. Sijui tumelinunulia nani hilo tangi, lakini siku hizi hatukosi mayai, kila mtoto anakuja na lake. Kuku wetu mweusi naye ameangua kumi na mmoja, mwewe amekula wawili. Mdogo wako anasema anasoma. Taa inawaka, hilo naliona.

Usitume pesa mwezi huu. Karo imelipwa, dawa zipo. Ukitaka kutuma, ngoja Desemba, kwa sababu tunakwenda Vihiga kubadilisha mabati ya nyumba ya bibi yako. Yametoboka upande wa kile chumba mlichokuwa mkilala, na mvua ya mwezi uliopita imeshusha udongo wa ukuta. Fundi anasema geji 30 inatosha. Nimekataa, nataka 28. Bati nene halipigi kelele.

Kilichobaki ni rangi. Mama yako anataka nyekundu, mdogo wako anataka kijani, mimi nilisema ya kawaida isiyo na rangi na nikapigiwa kura mbili kwa moja. Nyumba ni ya mwenye jina lako, chagua wewe. Fundi anakwenda dukani Ijumaa ya wiki ijayo, kwa hiyo niandikie kabla ya hapo. Ukinitumia "nimeshuka", andika na rangi palepale.

Baba yako