Ubeti wa mwisho

Marseille, 9 Mei

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Bi Mkubwa na watoto. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Najua umeninunia tangu Idi kwa kimya changu, na haki unayo. Ila leo nimepatwa na shida, na wa kunitoa ni Bi Mkubwa peke yake.

Huku Ufaransa msanii akitaka posho kwa siku asizokuwa na kazi, lazima ndani ya miezi 12 atimize saa 507 za kazi iliyoandikishwa. Tukilipwa kwa onyesho, kila malipo huhesabiwa saa 12, hata ukipiga saa moja na nusu tu. Jana nimetandaza makaratasi yangu kitandani, nikahesabu mara tatu. Maonyesho 42. Piga mwenyewe hesabu: saa 504. Zimepungua 3, shoga. Tatu! Na mwaka wangu unafungwa tarehe 31 mwezi huu.

Kinachoniuma ni kwamba hilo la 43 nililipiga, mwezi wa pili, kwenye baa moja pale Cours Julien, kule kwenye kuta zilizochorwa rangi hadi milangoni. Usiku ule mistral ilivuma, ule upepo mkavu wa kaskazini, vigingi vya fidla vikalegea katikati ya wimbo. Uzi wa juu ukawa unateleza, nikawa naukaza kila mwimbaji akivuta pumzi. Mwenye baa akanipa bahasha mkononi, karatasi ya kuandikisha akasema itafuata. Mpaka leo.

Nilishindwa kulala, nikateremka hadi bandari ya zamani. Watu walikuwa wanatoka La Criée, ule ukumbi wa tamthilia uliokuwa zamani mnada wa samaki, ukafunguliwa kama ukumbi mwaka 1981. Nikaukumbuka mnada wetu wa Malindi ya Unguja, kelele zile, na maji ya barafu miguuni. Nikawaza, waigizaji waliopigiwa makofi mle ndani, wangapi wakifika nyumbani watakaa kitandani na makaratasi kama mimi?

Haya, nije kwenye ombi. Wangazija hapa wamejaa, na twarab yao ilitoka kwetu Unguja, unajua. Mara ya kwanza kupiga kwenye harusi yao, mama mmoja alinituza noti ya yuro, akaniambia, "Marahaba." Nikadhani ameitikia shikamoo ambayo sikumpa, kumbe kwao ndiyo asante. Nililia siku ile, nadhani sikukwambia. Harusi zao haziingii kwenye hesabu, nazipiga kwa mapenzi. Safari hii wameandaa onyesho la ukumbini, tarehe 22, kule Belle de Mai, jirani na kiwanda cha tumbaku kilichogeuzwa makao ya sanaa. Mkataba nimeshatia saini. Hilo likipita, saa zangu 516!

Wazee wao wanataka wimbo mmoja wa kale wa Unguja, na waliouchagua ndio ule Bi Mkubwa alikuwa akiuimba huku akipepeta mchele. Beti tatu ninazo. Wa mwisho umenitoka kabisa. Nafika pale jahazi linapotia nanga, basi, giza. Ningeweza kurudia wa kwanza, lakini wazee wale watajua, na mimi sitaki kuwapa wimbo nusu.

Na ile habari ya kuuza kanuni yako, ile ala yako ya nyuzi, upate nauli ya kuja huku, nakuomba usiiuze kabla hatujazungumza. Huku unakuja na ala yako mkononi au... tutaongea.

Je, Bi Mkubwa bado anaimba? Kifua chake kimepoa? Unaweza kumrekodi kwa simu asubuhi, kabla hajachoka? Na yule wa Kikwajuni ameirudisha ile udi, au ndiyo kaichukua moja kwa moja? Mwalimu wetu ananiulizia? Na wewe mwenyewe, vidole vimepona?

Nitumie hata kama sauti inakwaruza. Nataka kumsikia anavyovuta neno la mwisho.

Shogako wa fidla