Dada, ile karatasi haiozeshi

Dada yangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa. Nasikia unawaambia watu kwamba mdogo wako nilikataa kutia sahihi karatasi ya kumwozesha kijana wako binti aliyempa mimba, kwa sababu ya kujiona msomi. Wewe ndiye uliyenilea, siwezi kuliacha hilo likae hivyo.

Najua watoto wenyewe wanataka kukaa pamoja. Wanapendana, na mtoto atakayezaliwa ni wao. Lakini binti ana miaka 16, yuko kidato cha pili. Kijana wako ana 17. Kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu ya Tanzania, tangu marekebisho ya 2016, kinakataza mwanafunzi wa msingi au sekondari kuoa au kuolewa kwa hali yoyote, hata baba akiridhia. Anayesaidia ndoa hiyo naye ana kosa lake: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka 5, au vyote viwili. Hapo wanasemwa waliokaa kwenye makochi siku ile ya kikao cha karatasi.

Shemeji alitaja umri wa miaka 15 wa msichana kuolewa, ulioandikwa kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971. Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2016, katika kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya umri huo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Tena kwa mwanaume sheria hiyohiyo ilitaka 18. Na ile ya “wakikaa miaka miwili inakuwa ndoa”, kifungu cha 160, ni dhana tu. Inapingika mahakamani, na haimwozeshi asiyefikia umri wa kuoa.

Ninachokiogopa zaidi ni Kanuni ya Adhabu. Kulala na msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, hata akikubali. Kwa mvulana asiyezidi 18, kosa la kwanza adhabu yake ni viboko. Akivuka umri huo huku bado wako chumba kimoja, adhabu inaanzia miaka 30. Nyinyi mmeshamsafishia chumba cha uani na godoro mmenunua, na siku aliyozaliwa mwanao hakuna anayeijua kukuzidi.

Sijasahau ile karatasi, Dada. Ukurasa wa daftari, umechanwa vibaya, wino wa bluu. Jina la binti mliliandika, mkaongeza “mke”, na penye umri mkapiga kistari. Mwenyewe alikuwa jikoni akiosha vyombo tulivyolia, tumbo limegusa karo, na hakuna aliyemwita. Mahari ya mbuzi wawili na laki tatu vilipatanwa kwa sauti, anasikia.

Haki wanazo, na hazihitaji chumba kimoja. Mtoto akizaliwa, tangazo la kizazi litoke kituo cha afya, kisha waende wote wawili kumsajili ili jina la baba liingie kwenye cheti. Msingoje, siku 90 zikipita inakuwa usajili wa kuchelewa, na barua zinaongezeka. Matunzo mwandikishane mbele ya afisa ustawi wa jamii: maziwa, sabuni, nauli ya kliniki, na kila kinachopelekwa kiandikwe na anayepokea atie sahihi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanatoa mkononi bila kuandika, halafu miezi sita baadaye kila upande unaapa. Kijana amtembelee mwanawe mchana, nyumbani kwa bibi yake mzaa mama. Na usije ukadai mjukuu aje kwako baada ya kunyonya: chini ya miaka 7 sheria inachukulia kwamba ni heri mtoto akae na mama.

Binti arudi shule. Waraka wa Elimu wa 2021 unamruhusu, mradi arudi ndani ya miaka miwili. Akimaliza, akiwa ametimiza 18 na bado wanatakana, watoe notisi ya siku 21 kwa msajili wa ndoa, na mimi nitakuja na zawadi.

Ustawi wapo pale halmashauri siku za kazi. Nendeni na kadi ya kliniki, na kijana aende na wewe, asiende peke yake.

Ukisema tena nimekataa undugu, kumbuka waliotia sahihi ile karatasi wote ni ndugu za kijana. Siku polisi wakija, nani kati yenu atasimama kumdhamini?